MOTOKAA YA HAIDROJENI NA HESABU YA MFUKONI

Katika mwaka 2023 wenye motokaa za haidrojeni katika jimbo la California, Marekani, walifika vituoni wakakuta bei mpya juu ya pampu: dola 36 kwa kilo moja. Miaka michache tu nyuma kilo hiyo hiyo iliuzwa kwa dola 13 hadi 16. Mtu mwenye Toyota Mirai, ambayo matangi yake hubeba kilo 5.6, alitakiwa kutoa zaidi ya dola 200 ili aondoke na matangi yaliyojaa. Motokaa yake haikuwa na ubovu, wala haikuongeza ulaji hata kwa gramu moja. Ilikuwa ni ile ile aliyoinunua, iliyosifiwa kwa kutumia nishati kidogo na kutotoa moshi wala harufu. Kilichobadilika ni bei, na katika kupangwa kwa bei hiyo mwenyewe hakuulizwa neno.

Twaona kuwa jambo hili lafaa kuzungumzwa katika ukurasa huu, ingawa limetukia mbali. Habari za motokaa inayokwenda kwa haidrojeni na kudondosha maji matupu zimekwisha enea duniani kote, na kila anayezisikia hufurahi. Furaha hiyo haina kosa. Lakini wazee wetu walitufundisha kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo twataka kufungua na kuingia ndani, tukiwa na kalamu na karatasi ya hesabu mkononi.

Kwanza tuseme haki ya chombo chenyewe. Elimu yake si ngeni. Bwana William Grove, mtu wa Wales, alionyesha tangu mwaka 1839 kwamba haidrojeni na oksijeni zikikutanishwa kwa utaratibu maalumu hutoa umeme na maji. Motokaa ya leo hufanya hivyo hivyo. Haidrojeni huwekwa katika matangi imara kwa mgandamizo ulio karibu mara 700 ya ule wa hewa tunayoivuta. Kutoka humo hupelekwa katika seli zenye madini ya platinamu, ikakutana na oksijeni ya hewa, ukapatikana umeme wa kuzungusha mota. Kilo moja ya haidrojeni ikitumika huacha kilo 9 za maji. Kujaza tangi huchukua dakika tatu hadi tano iwapo kila kitu kiko sawa. Motokaa hukimbia bila kelele, na haina oili ya injini ya kubadilishwa. Hakuna fundi mwenye haki atakayeidharau kazi hiyo.

Hata ulaji wake ni wa kusifiwa. Mirai ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 2014 na kufika California mwaka 2015, ilipimwa na serikali ya Marekani kuwa inakwenda maili 312, yaani kilomita 502, kwa kilo 5 hivi. Ya pili, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020, katika aina yake nyepesi ilipimwa kuwa inakwenda maili 402, yaani kilomita 647, kwa kilo 5.6. Maana yake ni kilomita 115 kwa kila kilo. Kwa kuwa nishati iliyomo katika kilo moja ya haidrojeni yakaribia ile ya galoni moja ya Kimarekani ya petroli, wapimaji waliiandikia motokaa hiyo maili 74 kwa galoni. Magari ya petroli yanayoweza kufikia kipimo hicho ni haba sana.

Hapa ndipo mnunuzi wengi wao hukomea. Husoma maili 74, akalinganisha na motokaa yake ya zamani yenye maili 30, akasema: nitatumia chini ya nusu. Kosa la mnunuzi huyo ni kudhani kwamba ulaji mdogo na gharama ndogo ni kitu kimoja. Ulaji hupimwa kwa kilo na lita, ambapo gharama hupimwa kwa fedha. Kati ya hivyo viwili pana bei, na bei haimo ndani ya motokaa.

Basi tupige hesabu. Kwa kilomita 100 Mirai ya pili huhitaji gramu 865 hivi za haidrojeni. Kwa bei ya dola 16 kwa kilo, hiyo ni karibu dola 14. Kwa bei ya dola 36, ni dola 31. Sasa tuweke galoni ya petroli kuwa dola 5, bei ambayo watu wa California wameizoea katika miaka ya karibuni. Motokaa ya kawaida ya maili 30 kwa galoni itatumia kiasi cha dola 10 na senti 40 kwa kilomita hizo hizo 100. Motokaa ya petroli yenye msaada wa betri, kama Toyota Prius ya maili 57 kwa galoni, itatumia dola 5 na nusu. Motokaa ya betri tupu, inayokula uniti 18 za umeme kwa kilomita 100, ikijazwa nyumbani kwa senti 30 kwa uniti, itatumia dola 5 na senti 40. Ikijazwa njiani kwa senti 55, itakaribia dola 10. Kila mtu na apime mwenyewe. Motokaa iliyosifiwa kwa ulaji mdogo kuliko zote, kwa bei ya mwaka 2023, ilikuwa ghali mara tatu kuliko ile ya petroli ya kawaida, na mara tano na zaidi kuliko Prius inayotengenezwa na kampuni ile ile.

Mtu aendaye kilomita 20,000 kwa mwaka, ambao si mwendo mrefu katika nchi ile ya barabara ndefu, huhitaji kilo 173 hivi za haidrojeni. Kwa dola 36 ni zaidi ya dola 6,200 kwa mwaka mmoja. Fedha hizo zingeweza kulipa kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa, au karo ya mtoto.

Yamkini msomaji atauliza: je, watu hawa hawakuwa na macho? Walikuwa nayo, lakini waliwekewa pazia. Kila aliyenunua Mirai mpya alipewa kadi ya fueli ya dola 15,000, itumike kwa miaka sita au mpaka fedha zimalizike. Mtu mwenye kadi hiyo haangalii pampu. Hujaza, akaondoka, akawaambia majirani kwamba anaendesha bure. Lakini tuipime kadi hiyo kwa kilomita badala ya dola. Bei ilipokuwa dola 16, kadi ilinunua kilo 937, sawa na mwendo wa kilomita 108,000. Bei ilipokuwa dola 36, kadi ile ile ilinunua kilo 416, sawa na kilomita 48,000. Zaidi ya nusu ya zawadi iliyeyuka, na hakuna aliyeingiza mkono mfukoni mwa mtu. Aliyetazamia kupumzika kwa miaka mitano na zaidi alijikuta, baada ya miaka miwili na miezi michache, amesimama mbele ya pampu na fedha zake mwenyewe.

Twasema kwa mkazo: zawadi inayofuta bei machoni pa mnunuzi si ya kukataliwa, ila ni ya kuhesabiwa. Mwenye kuuza huijua hesabu yake. Mwenye kununua naye sharti aijue yake, kwani siku ya mwisho wa kadi haikwepeki.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika stakabadhi, nayo ni ile ya kukosa. Tarehe 1 Juni 2019 moto na mlipuko ulitokea mahali pa kujazia haidrojeni huko Santa Clara, na vituo vya upande wa San Francisco vikakaa bila mali kwa muda mrefu, kwa sababu wote walitegemea chanzo kimoja. Siku chache tu baadaye, tarehe 10 Juni, kituo kimoja karibu na Oslo, Norwei, kililipuka kwa sababu ya kufungwa vibaya kwa kifuniko cha tangi la mgandamizo mkubwa, na uuzaji wa motokaa hizo nchini humo ukasimamishwa kwa muda. Mwenye motokaa ya petroli akikuta kituo kimefungwa huvuka barabara kwenda cha pili. Mwenye motokaa ya betri, hali ikiwa mbaya kabisa, hutafuta soketi ukutani. Mwenye motokaa ya haidrojeni hana barabara ya kuvuka wala ukuta wa kutegemea.

Hata siku ambayo kituo kiko wazi, kazi yake si nyepesi. Gesi hiyo hupozwa mpaka kufikia baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri ili isipashe tangi moto inapoingia kwa kasi. Mdomo wa bomba waweza kuganda ukashikamana na motokaa, mwenyewe akabaki amesimama mpaka barafu iyeyuke. Baada ya magari kadhaa kujaza mfululizo, mtambo huhitaji nafasi ya kurudisha mgandamizo, na aliye nyuma hungoja au hupewa tangi nusu. Watu wa Dar es Salaam waliogeuza motokaa na bajaji zao zitumie gesi asilia wamekwisha ionja foleni ya vituo vichache. Na gesi yao ni nafuu, mgandamizo wake ni mdogo zaidi, na tangi la petroli bado limo ndani ya motokaa likiwangoja. Mwenye Mirai hana tangi la akiba.

Sasa tuulize sababu ya bei kupanda, maana haifai kulaumu kabla ya kufahamu. Ziko sababu nne zilizo wazi. Ya kwanza ni kwamba haidrojeni nyingi mno duniani hutolewa katika gesi asilia, na gesi ikipanda nayo hupanda. Ya pili ni safari: hubebwa kwa malori kutoka kiwandani, hugandamizwa, hupozwa, na kila hatua hula umeme na kuhitaji fundi. Ya tatu ni uchache wa wanunuzi. Kituo cha haidrojeni hugharimu fedha nyingi kukijenga, na matengenezo yake hayangoji wateja. Motokaa zikiwa chache, mzigo wote huwaangukia hao wachache. Ya nne ni kwamba wenye vituo walikuwa wakitegemea hati za kupunguza hewa chafu, ambazo sheria ya California huwapa wauzao fueli safi ili waziuze kwa wauzao fueli chafu. Hati hizo ziliwahi kufika karibu dola 200 kwa tani kabla ya kuporomoka mpaka chini ya dola 100. Fedha iliyokuwa ikitoka huko ilipopungua, ilitafutwa kwa mwenye motokaa.

Wala jambo hili si la California peke yake. Katika Ujerumani bei ilikaa kwa miaka kadhaa katika Euro 9.50 kwa kilo, ikapandishwa hadi Euro 12.85 mwaka 2022. Katika Japani, nchi iliyoipenda haidrojeni kuliko zote, kilo iliyouzwa karibu yen 1,100 mwanzoni, ilifika yen 2,200 katika baadhi ya vituo mwaka 2024. Twaona basi kwamba bei za mwanzo zilikuwa bei za kumkaribisha mgeni. Nasi twajua kwetu kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Iko hoja nyingine iliyo nzito kuliko bei ya leo, maana bei yaweza kushuka, lakini maumbile hayashuki. Wapo wasemao kwamba haidrojeni itokayo kwa gesi si kitu. Ya kweli ni ile itakayopatikana kwa kupasua maji kwa umeme wa jua na upepo. Vema. Ili kupata kilo moja kwa njia hiyo huhitajiwa uniti 50 hadi 55 za umeme, kisha uniti nyingine kadhaa za kuigandamiza na kuipoza. Kilo hiyo itaipeleka Mirai kilomita 115. Umeme uo huo ukitiwa moja kwa moja katika motokaa ya betri, hata ukitoa upotevu wa njiani, utaipeleka kilomita 250 na zaidi. Yaani mwenye haidrojeni sharti ajenge mitambo miwili au zaidi ya umeme mahali ambapo mwenye betri hujenga mmoja. Punguzo la bei laweza kutolewa na waziri au tajiri, lakini upotevu huu hautoki kwa amri ya mtu.

Na ile ya gesi asilia, ambayo ndiyo iliyo nyingi, kila kilo yake huacha kiwandani kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa. Gawanya kwa kilomita 115 utaona kwamba kila kilomita huacha kiasi cha gramu 80. Ni kweli kwamba nyuma ya motokaa hutoka maji tu. Moshi umehamishwa mahali pengine, haukufutwa. Tofauti yake na motokaa ya petroli yenye ulaji mdogo ipo, ila si kubwa kama tangazo linavyotaka tuamini.

Tusisahau pia upande wa mali ya umma. Mwaka 2003 Rais George W. Bush aliahidi dola bilioni 1.2 kwa utafiti wa motokaa za haidrojeni. Mwaka 2004 Gavana wa California, Bwana Arnold Schwarzenegger, alitia sahihi agizo la kujenga mtandao wa vituo katika barabara kuu za jimbo kufikia mwaka 2010. Mwaka 2010 ulipita na mtandao haukuonekana. Mwaka 2013 sheria mpya ikatenga hadi dola milioni 20 kwa mwaka mpaka vifike vituo 100. Miaka kumi baadaye mia hiyo ilikuwa haijatimia. Mwezi wa Februari 2024 kampuni ya Shell ikatangaza kufunga kabisa vituo vyake saba vya motokaa ndogo katika jimbo hilo. Katika Uingereza ilikuwa imekwisha funga vyake mwaka 2022. Katika Denmark nako, mwaka 2023, mwenye vituo vya motokaa ndogo alitangaza kuvifunga. Ahadi ni deni, na deni hili limehama mabega. Lilianza kwa wakubwa waliotia sahihi, likapita kwa makampuni yaliyopokea ruzuku, na sasa limemkalia mtu mmoja mmoja mwenye motokaa ambayo hana pa kuijaza.

Mtu huyo ndiye anayetugusa. Yule tajiri mwenye motokaa tatu hatikisiki. Ataiacha moja barazani. Lakini wako waliokopa fedha benki kwa sababu walitaka kutenda jema. Waliambiwa hewa ya watoto wao itakuwa safi, nao wakakubali. Motokaa iliyouzwa dola 49,500 ilipokuwa mpya sasa hupatikana mkononi mwa pili kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Mwaka 2024 hata zile mpya zilizobaki katika maduka ziliuzwa kwa punguzo la hadi dola 40,000, pamoja na kadi ya dola 15,000 juu yake. Aliyekopa mapema anaendelea kulipa benki thamani ambayo haipo tena. Akiuza, hasara, akiendesha, hasara, akiiacha isimame, matangi yana tarehe yake ya mwisho, miaka 15 tangu kutengenezwa, ambayo ikipita hayaruhusiwi kujazwa tena. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini aliyemwambia mwenziwe kwamba maji hayo ni ya vuguvugu hawezi kujitoa katika lawama.

Haki yatutaka tuwasikilize pia watetezi wa haidrojeni. Wanasema kwamba kila chombo kipya huanza kwa bei kubwa. Kwamba betri nazo zilikuwa ghali. Kwamba vituo vikiwa vingi bei itashuka. Serikali ya Marekani yenyewe mwaka 2021 ilijiwekea shabaha ya kufikisha gharama ya kutengeneza haidrojeni safi kuwa dola moja kwa kilo katika muda wa miaka kumi. Tena wanasema kwamba mtu anayeishi katika nyumba ya ghorofa, asiye na mahali pa kuchomeka betri usiku, hufaidika na dakika zile tano za kujaza. Hoja hizo si za upuuzi. Lakini twajibu hivi. Dola moja hiyo ni ya kiwandani, ambapo mwenye motokaa hununua kwenye pampu. Na safari baina ya kiwanda na pampu ndiyo iliyo ghali. Kuhusu betri, zilishuka bei kwa kuwa kila mwenye umeme nyumbani alikuwa na kituo tayari, hivyo wanunuzi waliongezeka kabla ya vituo kujengwa. Haidrojeni haina bahati hiyo. Hapana anayenunua motokaa pasipo kituo, na hapana anayejenga kituo pasipo motokaa. Miaka 20 ya ruzuku haijalifungua fundo hilo.

Wala hatusemi kwamba haidrojeni haina kazi. Inayo, na ni kubwa. Mbolea inayolisha sehemu kubwa ya watu wa dunia hutengenezwa kwayo. Viwanda vya kusafisha mafuta huitumia kila siku. Wafua chuma wanaitafutia njia ichukue mahali pa makaa ya mawe. Katika maghala makubwa ya Marekani, maelfu ya mashine za kunyanyulia mizigo huendeshwa kwa haidrojeni, kwa kuwa zote hurudi pale pale penye pampu moja na hazilali usiku. Tazama tofauti: hapo chombo ni vingi, pampu ni moja, na mwenye mali anajua atatumia kilo ngapi kesho. Motokaa ya mtu binafsi ni kinyume cha hayo yote. Jembe zuri halilimi baharini.

Kenya, jirani na ndugu yetu, ilipotangaza mpango wake wa haidrojeni mwezi wa Septemba 2023, iliweka mbele mbolea, ili umeme wake wa jotoardhi upunguze mzigo wa kuagiza mbolea ng'ambo. Twaona huo ni mwanzo wa busara. Shamba la mkulima halihitaji kituo cha mgandamizo wa mara 700 kila pembe ya barabara.

Tunao mlango mmoja wa kuangalia kwa makini. Motokaa nyingi zinazotembea katika Afrika ya Mashariki hutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika. Zile za haidrojeni huko zinazeeka, na bei yake imeanguka. Haitakuwa ajabu siku moja mtu kuonyeshwa picha ya Mirai safi, viti vya ngozi, kilomita chache, bei chini ya Corolla. Asiuziwe mbuzi katika gunia. Na aulize maswali manne, kwa mpango huu. Nitajaza wapi, na kituo cha pili kiko umbali gani na cha kwanza? Kilo ni shilingi ngapi, na nani mwenye kuipanga bei hiyo? Matangi yamebakiza miaka mingapi? Na fundi wa seli zake yuko mji gani? Akikosa jibu la swali la kwanza, hayo mengine hayana haja ya kuulizwa.

Kwa wenye madaraka ya kuandika sheria na kugawa fedha za umma, katika nchi yo yote ile, twatoa shauri moja. Kabla ya kuwavuta wananchi wanunue chombo kwa ruzuku, na itangazwe wazi gharama ya kilomita moja bila ruzuku hiyo, tena kwa miaka yote ambayo chombo kitadumu. Muuzaji anayetoa kadi ya fueli na aandike juu yake ni kilomita ngapi atakazozilipia, badala ya dola ngapi. Bei ya fueli ikipanda, na yeye aongeze. Hilo likifanyika, muuzaji na mnunuzi watakuwa wamepanda chombo kimoja, na kila mmoja ataiogopa dhoruba kama mwenziwe.

Motokaa ya haidrojeni imetufundisha somo ambalo wenye malori na mabasi walikuwa wanalijua tangu zamani. Chombo hakinunuliwi siku moja. Hununuliwa kila asubuhi kinapowashwa, na kila jioni kinapojazwa, mpaka siku kitakapokufa. Anayesifu ulaji wake na asikilizwe kwa heshima. Kisha aombwe karatasi, apige hesabu mpaka mstari wa mwisho, na ule mstari wa mwisho uandikwe kwa shilingi.